Ukuta wa Babu Unatoka Jasho

Tarehe 9 Machi

Mke wangu mdogo,

Salamu zikufikie popote ulipo, ukiwa umesimama ukae, ukiwa umekaa uegemee. Mimi mzima, nakula namaliza, nalala nakoroma mpaka mijusi inahama. Hapa nyumbani wote hawajambo. Baba yako yuko safarini na lori lake, tunamwona kama mwezi mwandamo, akionekana watu wanaonyeshana. Mama yako mzima, na sauti yake nzima kuliko yeye. Mdogo wako Redio bado anaongea kutwa, hatujapata kitufe cha kumzimia.

Baada ya hayo, nakupa habari itakayokufanya ujivunie mume. Mvua zimeanza, na mtaa mzima kuta zimeota kuvu, isipokuwa chumba changu. Chumba changu kikavu kama koo la mlevi asubuhi. Majirani wanapanga foleni kuja kushangaa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili amenisihi nimpe siri yangu, nikamwambia siri ni usafi wa moyo.

Haya. Nimerudia kusoma hapo juu nikacheka peke yangu. Ni uongo, tena uongo wa mchana. Fundi cherehani hajakanyaga humu tangu nianguke nikavunja nyonga, na ukuta ulio nyuma ya kitanda changu ni mweusi kuanzia sakafuni hadi begani. Mwanzo yalikuwa madoa madogo, ungedhani nzi wametua. Sasa nzi wamezaa. Lile shati langu jeupe lililokuwa kwenye msumari limeota ndevu za kijani. Nimekuwa kinyozi maisha yangu yote, ndevu nazijua, lakini za shati sijawahi kunyoa. Nilichukua brashi kavu nikausugua ukuta vizuri. Vumbi likapaa, nikapiga chafya kidogo, basi.

Wewe uko duka la rangi, kuta ndizo zinazokulisha. Niambie dawa. Na usiogope, mama yako bado anaamini uko chuo cha uuguzi. Juzi kamwambia muuza mkaa kwamba karibu utaanza kuchoma watu sindano. Mimi nikatazama dari. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu, kwa kuwa simu ni ya mama yako, na masikio yake nayo ni ya mama yako.

Babu yako


Tarehe 21 Machi

Mume wangu mzee, shikamoo,

Barua yako imefika ikiwa na mikunjo kama uso wako. Nashukuru kusikia wote wazima. Mimi pia mzima. Kazi ni nyingi, msimu wa mvua kila mtu ana ukuta wa kulalamikia, na mwenye duka kaniweka mbele kwa sababu nasema kwa upole. Chumba ninachokaa ni kidogo lakini kina mlango, na mlango una kufuli. Zaidi ya hapo sina cha kusimulia.

Babu, ulipiga chafya au ulikohoa? Nijibu hilo kwanza.

Kuvu haisuguliwi kavu, unairusha hewani kisha unaivuta mwenyewe. Funga kitambaa puani na mdomoni. Chukua maji ya vuguvugu na sabuni, osha ukuta wote, si penye weusi tu. Halafu pitisha ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, imezimuliwa kwa maji, na usiichanganye na kitu kingine chochote, moshi wake unaua. Iache ifanye kazi, suuza, kisha acha dirisha wazi mpaka ukuta ukauke kabisa. Kitanda kisiguse ukuta, acha nafasi ya kiganja upepo upite. Mwambie mtu akusaidie. Usijitie kijana.

Lakini hayo yote ni bure tusipojua maji yanatoka wapi. Kuvu haiji kama mgeni asiyealikwa, inafuata unyevu. Tazama juu, je, bati linavuja? Mfereji wa mvua umeziba? Nje ya ukuta huo kuna udongo ulioegemea? Kuna bomba linapita? Ukinijibu, nitajua.

Mama hajambo kweli? Usimwambie nimeuliza mara mbili.

Mjukuu wako


Tarehe 10 Aprili

Mke wangu mdogo mwenye maswali ya polisi,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Kwanza nililala chali nikahesabu misumari ya dari, kisha nikalala ubavu nikahesabu upya kuona kama ni ileile. Wote hapa wazima. Baba yako alikuja, akala, akalala, akaondoka. Mama yako anasema magoti yanamuuma, lakini anapanda ngazi za jirani kwenda kusikiliza ugomvi bila shida yoyote.

Uchunguzi wako nimeufanya kwa kutumia macho ya wengine, maana mguu wangu umegoma. Naufikia mlango kwa fimbo, nakutana na vile vidaraja viwili vya kushukia uani, vinanitazama, navitazama, narudi. Kwa hiyo nilimtuma Redio. Bati zima. Mfereji wa mvua wazi, maji yanakimbia mpaka mtaroni. Udongo uko mbali na ukuta. Bomba hakuna. Mpelelezi wako amemaliza, mtuhumiwa hayupo.

Sasa usinigombeze. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimekwisha kuutibu ukuta kwa akili yangu. Baba yako alibakiza rangi ya mafuta alipopaka geti, ile ya buluu. Nikaketi kitandani, nikapaka juu ya weusi wote. Ukuta ukang'aa kama bibi arusi, nikajisifu. Haikupita muda bibi arusi akatoka malengelenge. Ukibonyeza, ngozi inapasuka na maji yanatiririka, na ndani yake weusi uko palepale, umenawiri. Na si hapo tu. Chumba kizima kinatoka jasho, mke wangu. Ukipitisha kidole ukutani unaweza kuandika jina lako, kisha jina linateremka mpaka chini.

Dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua. Mvua inarusha.

Samahani, maji yameanguka kwenye karatasi. Ni chai.

Kuhusu chafya, ni chafya.

Redio yupo hapa, anakusalimu, anasema nisogeze kichwa apite.

Babu yako


Tarehe 24 Aprili

Babu, shikamoo,

Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Mimi nipo. Wiki hii nimebeba ndoo za rangi mpaka mabega yamelia, lakini ni kazi, na ni yangu.

Leo sikuiti mume, nimekasirika. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi! Hata mteja wetu mlevi hafanyi hivyo. Umeufunga unyevu ndani ukapiga kufuli. Hiyo rangi ya buluu itabidi ikwanguliwe yote.

Sasa nisikilize. Ulisema maji yaliyoanguka kwenye karatasi ni chai. Madoa ni matatu, hayana rangi, na karatasi inanukia sabuni ya kufulia. Nimempa hata mwenye duka anuse, akasema ni ya unga. Chai gani hiyo unakunywa huko?

La pili. Redio ameandika pembeni mwa barua yako, kwa penseli, herufi zimelala: "Dada, Babu anakohoa mpaka kitanda kinatembea." Nawe hukuona, au uliona ukadhani sitasoma.

La tatu. Bati zima, mfereji wazi, bomba hakuna. Ukuta hautoki jasho kwa kuona aibu. Kuna maji ndani ya chumba hicho, ndani kabisa, na wewe unalala nayo, na unayajua. Na kwa nini Redio alihitaji usogeze kichwa ndipo apite? Chumba chako ndicho kikubwa kuliko vyote. Anapita chini ya nini?

Babu, kifua chako si cha kuchezea. Nataka jibu moja tu. Maji yanatoka wapi?

Mjukuu wako


Tarehe 3 Mei

Mke wangu mdogo,

Hapa wote wazima, mvua nayo nzima. Nilitaka nianze kwa uongo mwingine nikaona wino unakwisha.

Ni nguo.

Tangu mvua zianze, mama yako amefunga kamba humu ndani, zinatoka msumari wa dirishani hadi msumari wa mlangoni, zinarudi, zinakata kona juu ya kitanda. Nguo za nyumba nzima zinakauka kwangu. Shuka, sare za shule za Redio, suruali za baba yako za mafuta ya gari, na matandiko ya fundi cherehani ambayo mama yako anamfulia. Dirisha halifunguliwi, zisirushiwe mvua. Nalala chini ya shuka za watu kama maiti inayosubiri kuchaguliwa sanda. Asubuhi naona weupe, mchana weupe, na watu wakiingia nawajua kwa miguu yao inayotokeza chini ya pindo. Tone linaanguka kwenye paji, nageuka, la pili linaanguka sikioni. Maji hayo yote yanakwenda wapi? Yanapanda, yanagonga ukuta wa baridi, yanakaa. Nilijua kabla hujaniuliza. Kinyozi anajua mvuke, kioo changu kilikuwa kikilia kila nilipochemsha maji ya kunyolea.

Utasema, basi kwa nini hukumwambia mama yako azitoe? Ulimi ninao. Sikiliza, na usicheke.

Baada ya kuanguka niliwekwa chumba hiki cha nyuma kwa sababu kina nafasi ya kupitisha fimbo. Vizuri. Chakula kilikuwa kinaletwa. Mlango unafunguka, sahani inawekwa juu ya kigoda, "Babu, chakula," mlango unafungwa. Nikawa nakula polepole ili anayekuja kuchukua sahani anikute bado natafuna, aketi kusubiri. Hawakusubiri, walirudi baadaye. Hawana ubaya. Mama yako ana nyumba nzima mgongoni, na mimi ni kitu kilichowekwa mahali pake kikatulia.

Kisha kamba zikaja. Mama yako anaingia na beseni asubuhi, ana vibanio mdomoni, anatundika huku ananisimulia bei za sokoni, nani kamwacha nani, na nani kamrudia. Siku moja alicheka mpaka kibanio kikamtoka kikanipiga puani. Jioni anarudi kugeuza. Redio anakuja kupapasa soksi kama zimekauka, hazijakauka, anakaa kitandani kwangu kuzisubiri na ananipa shule nzima, mwalimu mmoja baada ya mwingine, na sauti zao.

Mimi maisha yangu yote nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi. Kichwa ukikishika hakikimbii, kinaongea. Wewe unadhani watu walikuja kwangu kwa sababu nilikuwa nakata vizuri? Niliwakwangua masikio! Walikuja kuongea. Sasa wateja wangu ni nguo mbichi. Zikija, watu wanakuja nazo.

Ukimwambia mama yako azitoe, atazitoa siku hiyohiyo, ni mwanamke mwema. Na atatoka nazo.

Kwa hiyo tupatane. Mimi nimenyamaza juu ya chuo, wewe nyamaza juu ya kamba. Ngoma droo.

Babu yako

Nakohoa. Haya, umefurahi?


Tarehe 17 Mei

Babu,

Leo sina salamu ndefu. Nimeisoma barua yako dukani nikaenda kujificha nyuma ya makopo.

Sikubali droo. Kuna mteja wetu, mama mtu mzima, alikuja wiki iliyopita kununua rangi ya kupaka chumba cha mumewe mgonjwa wa kifua. Nikamuuliza kama mgonjwa atahamishwa wakati wa kupaka. Akasema hakuna haja tena. Nikampimia rangi, nikafunga kopo.

Nimemwandikia mama. Nimemweleza kila kitu, kamba, dirisha, rangi ya buluu na kifua chako. Ilibidi nimwambie na mahali ninapofanya kazi, kwani angeuliza nimejulia wapi mambo ya kuta, na hayo hayafundishwi chuo cha uuguzi. Nimemwambia niliacha chuo. Kwa nini niliacha sijamwambia, nawe usiniulize, siku nikiweza nitasema.

Kwa hiyo huna tena cha kunitishia, na mimi sina pa kujificha. Mpokee vizuri atakapokuja.

Mjukuu wako, mke wako, mkorofi wako


Tarehe 20 Juni

Mke wangu mdogo,

Wote tupo, tunapumua. Mvua zimepungua. Redio ameng'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa filimbi. Baba yako alikuwepo karibu wiki nzima, mpaka mbwa akamzoea.

Mama yako alikuja na barua yako mkononi. Hakuwa na beseni. Akafunua shuka moja, akafunua ya pili, kama mtu anayepita vichakani, akafika kitandani akaketi. Hajawahi kuketi humu, mke wangu, yeye husimama. Akaisoma tena kimya kimya, nami nikamtazama kidole kinavyotembea chini ya maneno.

"Baba, uliyajua haya?"

"Yapi, mwanangu? Ya ukuta au ya chuo?"

"Yote."

"Yote."

Akaikunja barua. Nikajaribu mzaha, nikasema angalau sasa ukimwona mtu na sindano mkononi utakimbia salama, ukijua si binti yako. Hakucheka. Akasema, "Nimewatangazia watu wote, Baba. Wote." Kisha akainua mkono akagusa ukuta, akatazama vidole vyake vilivyolowa, akaanza kulia. Sikujua analia kwa ajili yako au yangu au ya ukuta, nami sikuuliza. Nilitaka kumshika kichwa, ndicho kitu pekee ninachokijua, nikaona haya. Nikampa ncha ya shuka iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya fundi cherehani.

Basi asubuhi yake nilitolewa nje mimi na kiti. Niliuona ua wa nyumba, mke wangu! Mwembamba kuliko nilivyoukumbuka, lakini una mbingu. Baba yako akakwangua buluu yote, anatukana tusi moja kwa kila kipande, mama yako akaosha kwa sabuni na ile dawa, vitambaa usoni wote kama majambazi. Kitanda kimesogezwa, kiganja kinapita. Dirisha liko wazi. Ukuta uliachwa ukauke bila kuharakishwa, ndipo ukapakwa ile rangi uliyowatajia. Kamba zimehamia barazani, baba yako amefunga turubai la lori juu yake, mvua haifiki na upepo unapita. Daktari alinisikiliza kifua, akatikisa kichwa, akanipa dawa chungu kama talaka. Kikohozi kimepungua. Usiku wa kwanza bila tone usoni nililala kama mtoto.

Mama yako hajasema kama atakuandikia. Aliniuliza unakula vizuri huko, nikamwambia akuulize mwenyewe. Niliona bahasha juu ya meza yake, ina jina lako. Ndani bado tupu, niliichungulia.

Kwa hiyo umeshinda. Ukuta mweupe, mkavu, hauna hata doa. Nauangalia kutwa. Ni ukuta mzuri sana. Hauna habari yoyote.

Nilikwambia atatoka nazo. Wananichungulia, sikatai. "Baba, umeamkaje?" wakiwa mlangoni, mkono kwenye kitasa. Sahani imerudi juu ya kigoda. Redio akitoka shule anapita barazani kupapasa soksi zake, namsikia anapiga filimbi zake huko na mama yake, na vicheko, na mimi huku nacheka nyuma yao bila kujua nacheka nini.

Wiki iliyopita nilichovya kitambaa kwenye gilasi ya maji nikapaka doa pale chini, karibu na pembe. Kisha nikaita kwa sauti ya mgonjwa. Mama yako alikuja mbio. Akachuchumaa, akapapasa, "Salaale, Baba, imerudi!" Akaketi kitandani kabisa, akatafakari, akaniuliza kuhusu bati, tukatoka kwenye bati tukaingia kwa muuza mkaa, tukatoka kwa muuza mkaa tukafika kwako, na akaniambia jambo ulilomfanyia ukiwa na miaka minne ambalo sitalirudia. Chai yake ikapoa kule jikoni. Halafu akainua mto ili aunyooshe, akakikuta kitambaa kinachuruzika. Akanitazama, nikatazama dari. Alicheka mpaka akashika mbavu, mwanamke huyo. Kisha akachukua kitambaa changu akaenda kukianika barazani.

Ujanja huo hautafaa mara ya pili. Lakini neno lako analiamini, tangu ulipotaja kifua changu analishika kama amri. Na wewe umenifukuzia wateja, kwa hiyo una deni kwangu, na nalidai leo. Mwandikie mama yako barua fupi, ya duka la rangi, yenye maneno mazito mazito. Mwambie kwamba ukuta uliougua hauachwi hivihivi, unakaguliwa kila siku, asubuhi na jioni, mvua na jua. Mwambie haukaguliwi kwa macho, ni kwa kiganja, polepole, kuanzia chini. Na mwambie, hili lipigie mstari, kwamba anayekagua lazima aketi, kwa sababu kuvu ikiwa changa haionekani na mtu aliyesimama.

Babu yako